Kwa Nakwawi, Kuhusu Mtama Wako Uliogeuka Njano

Nakwawi,

Sikusalimii. Wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga, kwa hiyo wewe ndiye wa kusema ejok kwanza. Na kwa kuwa najua ulivyo mkaidi, sitangoja.

Ninaandika kwa mkono wangu. Usicheke. Gumbaro, ile shule ya watu wazima, ilinipa herufi kabla magoti hayajakataa kunifikisha darasani, na maneno mengine nimepewa na hasira. Mjukuu wangu Akiru alitaka kuniandikia. Nilimwambia, "Weka kalamu chini, haya ni ya wake wa boma moja." Akaiweka. Kwa mara moja alinisikia.

Nianze na linaloniuma zaidi. Bado wanaliita shamba la Nakwawi. Tangu tukuzike na kukupangia mawe, mto Turkwel umejaa ukapungua, kamati ya mfereji imebadilisha mwenyekiti, bei ya sukari imepanda ikasahau kushuka, lakini jina lako halitoki midomoni mwa watu. Juzi pale sokoni Lodwar kijana wa boda boda aliniita bibi kwa Kiturkana, akauliza, "Ata, nikupeleke kwa shamba ya Nakwawi?" Nikamwambia, "Nakwawi alikufa. Mimi niko hai, na langu liko kando ya lake, tena ndilo la kwanza kupata maji." Akafikiri kidogo. "Sawa, Ata. Kando ya shamba ya Nakwawi." Nilitaka kwenda kwa miguu. Jua lilikuwa kali, nikapanda, ila sikumsemesha njia nzima.

Ulipokuwa hai wivu wangu ulikuwa na kazi nyepesi. Asubuhi nikikuchukia, mchana ungeunguza uji au mbuzi wako angevunja ua, nami nikapata nafuu. Jioni tungegawana tumbaku kama kawaida. Sasa huunguzi kitu. Kila siku unazidi kuwa mzuri, watu wanakuongezea sifa hata ambazo hukuwa nazo. Mwanamke mmoja wa kanisani alisema ulikuwa mpole. Mpole! Nilimtazama mpaka akaanza kufunga kitenge chake upya. Nami niko hapa, nakosea mbele yao kila siku, nani atanisifu?

Halafu mume wetu, mzee Lokorio, alikutangulia. Kwa hiyo sasa mko wawili tu huko, wewe na yeye, na mke mkubwa yuko huku anasukuma matope kwenye mfereji. Umepata ulichotaka. Mwambie nimeliona hilo.

Lakini sikuchukua kalamu kwa sababu ya mzee. Nilichukua kwa sababu ya mtama.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiingia shambani asubuhi? Mikono nyuma, umeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Ulianza na majani ya chini, ukapanda polepole hadi ya juu, mmea baada ya mmea. Mimi nilikuwa upande wangu najifanya napalilia. Siku moja nikakuuliza, "Unatafuta nini huko chini? Nyoka?" Ukajibu bila kuinua kichwa, "Natafuta njaa, dada mkubwa. Ya aina hii huanzia chini." Ukanionyesha jani la zamani limepauka kuanzia kwenye ncha, rangi ikiingia katikati. Ukasema mtama ni kama mbuzi aliyezaa wakati wa kiangazi. Anajikamua mwenyewe, anabaki mbavu, ili mtoto anyonye. Jani la zamani linatoa chakula chake linawapa machanga. Ukiona la chini ni njano na la juu bado kijani, lete samadi. Lakini ukiona machanga ndiyo yamekuwa njano na ya zamani yako kijani, hiyo ni njaa nyingine, ya kitu ambacho mama hawezi kukitoa mwilini mwake akampa mtoto, na hapo utamwaga samadi mpaka mbuzi wakuonee huruma.

Nilisikia yote. Nikakujibu, "Majani ni majani," nikaendelea kupalilia pale pale nilipokwisha palilia.

Kuomba unifundishe sikuweza. Mimi niliolewa kwanza. Ulipofika wewe, shanga zimekupanda mpaka masikioni, mimi ndiye niliyekuonyesha mahali pa kuchota maji. Mke mkubwa hamwombi mdogo elimu. Basi nikawa nakuibia, sikio moja kwako na jembe mkononi.

Na ulikuwa na kiburi cha mtu aliyefundishwa vizuri. Afisa wa kilimo alikuambia hivi. Rafiki yako wa Kakuma, yule Mkongo, Mama Furaha, alikuonyesha vile. Ulikuwa unakwenda Kakuma kuuza vikapu vya mkoma, unarudi vikapu vimekwisha na mdomo umejaa Mama Furaha. Nilimchukia yule mwanamke kabla sijamwona. Kwangu ulikuwa unasema habari za kuni na maji, habari tamu ulikuwa unampelekea yeye.

Kifua kilipokushika, pale hospitalini Lodwar, nani alikupelekea uji? Mimi. Nani alikugeuza ubavu? Mimi, na mgongo wangu huu. Halafu Akiru akaja kutoka Kakuma anakofundisha watoto wadogo wa nasari, na vumbi la safari bado liko kwenye nyusi, ukamshika mkono yeye, ukasema, "Shamba ni la Akiru." Huku bakuli nimelishika mimi.

Sikatai. Kwetu shamba la mtama ni la wanawake, na Mungu alikupa wavulana watupu. Akiru ni mtoto wa binti yangu, damu yangu. Shamba lilibaki bomani, tena kwenye tumbo langu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya wodi nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, nikasema, hata mjukuu amenichukulia.

Ukafa kesho yake. Hukunipa hata nafasi ya kumaliza kukukasirikia.

Akiru alipanda. Sisemi ni mvivu, alikuja wikendi zote, akalima, akapanda mistari iliyonyooka kuliko yako. Mtama ukaota. Ulipofika magotini, ukaanza kugeuka njano.

Nakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunifanya kitu. Nilifurahi. Nilisema, sasa wataona. Jicho la Nakwawi limefumbwa, na shamba la Nakwawi limekuwa shamba kama mashamba mengine.

Unajua watu walisema nini? Walisema shamba linakulilia. "Hii shamba inalia mwenyewe wake." Wanawake wa kanisa walikuja wakasimama pale kando ya ua wa miiba ya mathenge wakaimba. Langu liko palepale, kijani mpaka linameta, majani yamekaza kama masikio ya punda. Hakuna aliyegeuza shingo. Wote wamesimama mbele ya mtama wako mgonjwa, wanatikisa vichwa kwa mapenzi. Hata ukiugua unapendwa! Nilichota maji nikayamwaga karibu na miguu yao kwa nguvu, wakahama.

Lakini mwenyekiti mpya wa mfereji, mzee Ewoi, haimbi. Alikuja akatazama, akamwambia Akiru, "Maji ni kidogo na watu wanangoja ardhi. Shamba ambayo haitazaa msimu huu tunapatia mwingine. Nitarudi wakati mtama inatoa masuke." Akiru akaniangalia. Nikaangalia mfereji. Nilikuwa bado nashiba ile furaha yangu, ila ilianza kuwa chungu kidogo. Shamba la wanawake wa boma letu lipewe mtu mwingine? Nani, yule jirani wa ng'ambo ambaye hata bamia humshinda?

Akiru akaleta samadi. Ikamwagwa, tukaichanganya, tukamwagilia. Njano ikabaki njano. Nilitazama vizuri, wakati hakuna anayenitazama. Majani ya chini yalikuwa kijani. Yale ya juu, machanga, ndiyo yalikuwa njano, na mishipa yake imebaki kijani kama mistari ya kitambaa. Nikakumbuka mbuzi wako wa kiangazi. Nikajua ni ile njaa nyingine, ila jina lake sikulijua, na dawa yake sikuijua. Ningemwuliza nani? Wewe umelala kwenye mawe.

Akiru alikwenda ofisini kwa afisa wa kilimo. Afisa mwenyewe ni msichana mdogo, Mturkana wetu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Afisa akasema majani yapelekwe maabara ya Nairobi, yapimwe yana chakula gani ndani. Akampa bahasha za kaki, akasema nailoni hapana, majani yataoza njiani. Akiru alikuwa anawahi watoto wake wa nasari, akaniachia bahasha. "Ata, chukua majani kwa shamba ya Ata Nakwawi, osha na maji safi, yakauke kidogo, peleka kwa afisa." Hayo tu. Sikiliza vizuri, hayo tu ndiyo aliyosema.

Basi nikachukua. Nilizunguka shamba lako lote. Majani ya boma letu yanakwenda Nairobi, kwa watu wasiotujua, watayaweka kwenye meza watayatazama. Mgeni anachinjiwa mbuzi gani? Anachinjiwa mgonjwa? Nilichagua. Kule pembeni, karibu na zizi la zamani, kulikuwa na mimea michache iliyosimama vizuri. Nikachuma yale mapana, ya kijani, yasiyo na tundu. Nikayaosha kama ninaosha uso wa bibi harusi. Nilifanya hivyo kwa ajili yako, na kama unataka kujua, ilinikera kuona yanavyopendeza.

Majibu yakaja. Hakuna kinachopungua. Shamba limeshiba.

Afisa akakuna kichwa. Mzee Ewoi akasema kama chakula kiko basi ni uvivu. Akiru akaja kwangu amekunja uso.

"Ata, ulichukua majani gani?"

"Mazuri."

"Mazuri?"

"Kwani ulitaka nipeleke mabaya? Watu wa Nairobi waseme nini?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Alicheka, kisha nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Analia. Akasema, "Msimu umeenda, Ata. Ewoi anakuja." Halafu akasema lile neno. "Ata Nakwawi angejua."

Nakwawi, nimepigwa na mume, nimeng'atwa na nge, nimezaa njiani nikielekea malishoni. Hakuna kilichoingia kama hilo. Asubuhi nilivaa viatu vya tairi nikapanda gari kwenda Kakuma.

Sikudhani ningewahi kufanya hivyo. Kumtafuta yule mwanamke wako! Nilifika kwenye kambi ya wakimbizi nikamwuliza Msomali mmoja mwenye duka, "Mama Furaha wa mboga yuko wapi?" Akasema, "Ile rafiki ya Nakwawi?" Hata huko! Hata kwa Wasomali! Nilimwambia ndiyo, ile rafiki ya Nakwawi, na mimi ndiye mke mwenza mkubwa wa Nakwawi, aniuzie maji baridi anyamaze. Akanipa maji, akakataa pesa, akasema Mungu akurehemu. Kwa hiyo nikashindwa hata kukasirika vizuri.

Mama Furaha ni mnene, mfupi, ana vitanda vya mboga amevichimba chini ili maji yasikimbie. Nilipotaja jina langu aliniangukia shingoni. "Yoo! Nakwawi yangu! Nakwawi yangu!" Yangu? Nikamwacha alie. Nilikuwa nimeshaona shingo yake. Shanga zako nyekundu, zile za mstari mmoja mweusi, ambazo nilizitafuta nyumbani kwako baada ya maziko nikamshuku mke wa mwanao. Ulimpa yeye. Mimi miaka yote ile hukunipa hata kishanga kilichovunjika.

Aliponyamaza nikamweleza habari ya mtama. Akasikiliza, kichwa upande, kama wewe. Nikamwambia machanga ni njano, mishipa kijani, samadi imekataa. Akapiga makofi.

"Ni ile tu! Hata yeye alisemaka vile. Mama, ile shamba yake iko mubaya tangu zamani."

"Shamba gani mbaya?"

"Ya Nakwawi. Udongo yake ni ya magadi. Chuma iko ndani, lakini mumea haiwezi kuikula, udongo inaifunga. Kila musimu alikuwa anapaka dawa. Musimu moja alijaribu majivu, akaleta majivu mingi hata kwa kitanda yangu hii, sukuma yote ikakuwa njano kama mayai!" Akacheka, akijipiga paja. "Nilimukimbiza na fagio."

Nisamehe, lakini hiyo ilinipa raha ambayo sijaipata tangu ufe. Ulikosea! Ulikimbizwa na fagio! Nilimwomba asimulie tena, akasimulia tena.

Kisha akanifundisha. Unachukua chumvi ya chuma, ile ya duka la agroveti yenye rangi ya kijani hafifu, unakoroga kidogo tu kwenye maji, na tone la sabuni ili dawa ishike kwenye jani. Unachagua jani changa lililo njano. Unapaka nusu kwa kitambaa, nusu nyingine unaiacha. "Kisha njo unangoja," akasema. "Kama ni njaa ya chuma, nusu ile itarudi kijani. Kama si ile, itabaki, utatafuta ingine. Usibishane na mutu. Jani itajibu."

Nilidhani tumemaliza. Nikasimama, nikajipangusa. Naye akasema, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga, "Na yako je, mama? Iko muzuri vile bado? Nakwawi alikuwa anakuonea wivu mingi."

Nikamwambia asirudie upuuzi.

"Kweli! Alisemaka, dada yangu mukubwa anatupa mbegu na macho yamefunga, inaota. Miye niko naulizauliza jani moja moja kama polisi. Alisemaka, singekuwa na ile shamba mubaya singejua kitu."

Nilirudi kukaa.

Nakwawi. Unakumbuka siku mzee alipotugawia? Alinyoosha fimbo, akasema mashamba ni haya mawili, mkubwa achague. Ilikuwa haki yangu, na hata leo ningefanya vilevile. Nikalichagua lenye majani marefu. Ule upande wenye ukoko mweupe juu ya udongo nilisema utakufaa, wewe ni mgeni. Ulichukua jembe. Na msimu uliofuata mtama wako ukawa mweusi kwa afya, mzee akawa anakwenda kuutazama jioni, watu wakaanza na shamba la Nakwawi, shamba la Nakwawi, nami nikaamini macho yangu yalinidanganya siku ile, kwamba wewe ndiye uliyepata zuri.

Nimekuonea wivu maisha yangu yote kwa ajili ya shamba bovu. Na wewe ukinionea mimi, ng'ambo ya ua, umbali wa kutupiana jiwe.

Kwa nini hukuniambia? Mtu anafikaje Kakuma na neno kama hilo, akampe Mkongo, badala ya kulisema juu ya ua? Ningelitafuna miaka yote. Ningekuletea... sijui ningekuletea nini. Ningekucheka kwanza, hilo ni hakika. Halafu ningekuletea kitu.

Basi.

Nilirudi na chupa ya dawa. Akiru alikuwa shambani na uso wake wa mtu aliyeshindwa. Sikumweleza. Nilichagua majani kadhaa, nikapaka nusu, nikafunga kitambaa chekundu kwenye kila mmea ili tusiupoteze. Akaniuliza, "Ata, hiyo ni nini?" Nikamwambia, "Nauliza." Nilikuwa nimengoja muda mrefu kusema neno kama hilo kwa sauti kama ile yako.

Siku zilizofuata nilikuwa wa kwanza kufika. Mikono nyuma, nimeinama. Ndiyo, kama wewe. Mgongo una namna moja tu ya kuinama. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha asubuhi moja nikaona madoa, kana kwamba mtu amemwagia jani chai ya majani mabichi. Kisha nusu yote. Mstari ukapita katikati ya jani, huku kijani, huku njano, umenyooka kabisa. Akiru alilamba kidole akausugua ule mstari akidhani ni rangi. Haukufutika. Akapiga kelele mpaka jirani wa bamia akatoka.

Hatukungoja karatasi ya maabara. Tulinyunyiza shamba lote, asubuhi kabla ya jua, tukarudia tena na tena, Akiru na pampu mgongoni, mimi nikimwonyesha alikoruka. Afisa alikuja akatazama yale majani ya nusu kwa nusu, akasema ndivyo hata wao walivyofundishwa, ila bado alitaka kupima sawasawa, ajue ni kiasi gani. "Ata, safari hii jani mgonjwa ndiyo tunataka. Na mzima tuweke kwa bahasha yake, tulinganishe." Mazima yatoke wapi? Akaangalia juu ya ua. Yatoke kwangu.

Andika hilo huko uliko. Langu ndilo lililokuwa kipimo. Walichuma mimea ya umri mmoja, jani la mahali pamoja, lako kwenye bahasha yake na langu kwenye yake, wakachota na udongo wa kila upande kwa kuzungukazunguka, si sehemu moja tu. Nilisimamia. Nilimgombeza afisa alipotaka kuchanganya ndoo. Majibu yakasema yaleyale aliyosema Mama Furaha, kwa maneno ya gharama. Afisa akasema pia kwamba langu limeanza kuchoka kidogo, linahitaji samadi, kwa sababu nimelima miaka bila kuliuliza. Hilo sikulipenda. Nilikwenda nikatazama majani ya chini. Ni kweli.

Mzee Ewoi akaja na kamati yake. Mtama wako haukuwa kama wa zamani, nisikudanganye. Ulichelewa, na upande wa chini masuke yalikuwa madogo kama vidole vya mtoto. Lakini yalikuwa masuke. Ewoi akapitia mistari yote, akakamua punje, akaitafuna. Sisi tumesimama. Akiru alikuwa ameshika kitenge changu kwa nyuma, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hajajua kutembea vizuri.

"Inazaa," Ewoi akasema. "Iachwe kwa msichana."

Kisha akauliza, "Nani alijua ni njaa gani?"

Yule mwanamke wa kanisa, aliyekuita mpole, akadakia, "Ni roho ya Nakwawi!"

Nikamwambia, "Roho haibebi pampu."

Watu wakacheka. Nilitaka kuendelea, nilikuwa na mengi. Lakini Akiru akaachia kitenge, akaja mbele, akasema, "Ni Ata wangu. Ni huyu." Akaniwekea mkono begani mbele ya kamati nzima. Nikamwambia atoe mkono, ananiumiza. Hakuutoa.

Kwa hiyo shamba liko. Limebaki bomani. Akiru ameshaanza kusema msimu ujao atapanda na kunde upande ule ulioshindwa, aone zitasemaje. Anafikiri kama wewe, anatembea kama mimi. Nimekubali, sina la kufanya.

Zile shanga nimemwachia Mama Furaha. Nilikuwa nimepanga kuzidai. Alipozishika akilia niliona zimeshamzoea. Yeye pia hajui apeleke wapi habari zake sasa, akaniuliza kama nauza vikapu. Nikamwambia mimi si wewe. Akasema, "Ninajua, ninajua." Mwezi ujao nitakwenda na vikapu viwili, uone. Si kwa ajili yako.

Sasa wacha nikwambie la mwisho, kwa sababu zamu yetu ya maji inakaribia na kidole kimekufa ganzi kwa kalamu. Sijaacha kukuonea wivu, na sikuahidi kuacha. Watu wakikusifu bado inanichoma hapa. Lakini naahidi hivi: maadamu magoti haya yananibeba, kila msimu majani machanga yakifunguka nitaanza kwako ndipo nije kwangu. Nitapaka nusu, nitaacha nusu, nitangoja. Njaa haitaingia kwako mimi nikiwa nimesimama kando ya ua. Na Akiru nitamfundisha kwa maneno, kwa sauti, asilazimike kuiba.

Lala, Nakwawi. Msalimie mzee, usimpe chakula kingi. Nikija huko, kama kuna mashamba ya kugawana, chagua wewe kwanza. Nitachukua litakalobaki, hata liwe la magadi. Upande wa karibu na mfereji tu ndio uniachie, magoti yangu unayajua.

Mimi mke mwenzako,
Akai